Je, kuandika "Chama cha CCM" ni kosa?

Ndugu wachangiaji, naleta kwenu suala ambalo limetugawa walimu wawili wa Kiswahili tunaofundisha kidato kimoja. Mwenzangu alimkata mwanafunzi alama kwa kuandika katika insha yake kwamba "Chama cha CCM kilizaliwa mwaka 1977". Pembeni aliandika kwa wino mwekundu kuwa herufi mbili za mwanzo tayari zinasimama badala ya "Chama Cha", na kwamba mtoto kwa kweli ameandika "Chama cha Chama Cha Mapinduzi". Mimi naamini alama ile ilikatwa bila haki.

Nianze na nguvu ya hoja yake, kwa sababu si hoja dhaifu. Vifupisho vyetu vingi huacha a-unganifu, yaani vile vineno kama "la" na "cha" vinavyounganisha maneno mawili: BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa, na ile "la" haimo; JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa, na humo pia "la" imeachwa. Kwa kawaida hiyo, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU ya Tanzania Bara na Afro-Shirazi Party ya Zanzibar kingeitwa CM. Lakini waliokibuni waliihesabu "cha" kuwa neno kamili na kuipa herufi yake, na ndiyo maana hadi leo jina hilo huandikwa "Chama Cha Mapinduzi" kwa C kubwa mbili. Mwenzangu anasema kwamba a-unganifu iliyopewa nafasi yake ndani ya kifupisho haiwezi kurudiwa nje yake.

Ninapotofautiana naye ni hapa: kifupisho hakibaki kuwa fungu la maneno milele. Hufika siku kikawa jina, na sarufi yenyewe hutuonyesha siku hiyo imefika. Tazameni upatanisho, yaani jinsi kitenzi kinavyofuata ngeli ya nomino yake. Neno "chama" liko katika ngeli ya KI-VI, kwa hiyo kama msemaji bado angekuwa analisikia ndani ya CCM, angesema "CCM kimeshinda". Hasemi hivyo. Magazeti yetu huandika "CCM yashinda", na mitaani watu husema "CCM imeshinda", kama wanavyosema "CHADEMA imetangaza". Wala si jambo la juzi: kabla ya 1977 watu walisema "TANU yajenga nchi", na hakuna aliyedai iwe "chajenga". Neno lililokwisha kuhama ngeli limekwisha kuachana na maneno yaliyolizaa.

Hata matamshi yanathibitisha hilo. Maneno matatu ya CCM ni ya Kiswahili, lakini herufi zake tunazitamka kwa majina ya Kiingereza, "sisiemu", na mtoto huweza kulijua jina hilo miaka mingi kabla hajaambiwa kwamba M ni Mapinduzi. Kwake yeye "Chama cha CCM" ni muundo uleule wa "mji wa Dodoma": nomino ya jumla, kisha jina. Tunasema "Mlima Kilimanjaro" bila wasiwasi, ingawa wengi wetu tunasikia "kilima" ndani ya jina hilo.

Mwenzangu alinijibu kwamba nikifungua mlango huu, kesho nitakubali pia "virusi vya VVU". Sikubali, na kipimo ni kilekile. VVU, yaani Virusi Vya UKIMWI, nacho ni kifupisho kilichohifadhi a-unganifu, lakini watu husema "VVU vinaambukizwa", kwa vi-. Virusi bado vinasikika humo, hivyo kuvitaja tena ni kurudia kweli. Palipo na upatanisho wa asili, urudiaji ni kosa. Palipopotea upatanisho huo, hakuna kinachorudiwa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi kwa sababu linahusu haki ya mwanafunzi. Mwalimu huyuhuyu hajawahi kusahihisha "Chama cha CHADEMA", ilhali CHA ya mwanzo ni "Chama" kilekile, katika Chama cha Demokrasia na Maendeleo. Kanuni inayomwadhibu anayekitaja chama kimoja na kumwacha anayekitaja kingine haijakamilika, na kwa vyama vya siasa kasoro hiyo ni nzito kuliko kwa maneno mengine.

Nakiri kwamba katika maandishi rasmi ni vizuri jina kamili litangulie, kisha kifupisho kifuate. Nchini Kenya kuna Chama Cha Mashinani, kilichoanzishwa 2016, ambacho nacho hufupishwa CCM, na msomaji wa Bomet hana sababu ya kufikiria Dodoma. Zaidi ya hapo, Mapinduzi yanayotajwa yana historia: neno hilo haliwezi kutenganishwa na Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na mwanafunzi asiyejua hivyo amekosa kitu kikubwa kuliko alama moja ya insha. Hilo ndilo ningependa wino mwekundu ulidai.

Sasa nawauliza hasa mnaohariri magazeti na vitabu: je, mwandishi akikuletea "CCM imeshinda", unaibadilisha iwe "kimeshinda"? Kama unaiacha, basi niambie ni kwa kanuni ipi utakikata "Chama cha CCM".