Walimu wa maandalizi, wazee wa watoto mnawapataje?

ticha_pwani
Asalaam alaykum jamani. Mie nasomesha maandalizi huku Kusini Unguja, watoto wa miaka minne na mitano. Watoto nawaweza, wazee ndio mtihani. Naitisha kikao wanakuja wa kuhesabu kwa vidole, baba hata mmoja simuoni. Grupu la WhatsApp lipo lakini limejaa Ijumaa karim na mtu anauza madera, nikiandika la maana linapita hivi hivi. Asubuhi mtoto analetwa na dadake wa darasa la nne au na boda, kwa hio hata getini sina wa kuzungumza nae. Na wale wanaokuja wanakuja kulaumu, eti mtoto anacheza tu mpaka leo hajui kuandika jina lake. Sasa kuna mtoto mmoja ana miaka mitano, maneno matatu kuyaunga hawezi na mara nyingi ukimwita kwa nyuma hageuki, nataka kusema na kwao lakini naogopa wasije wakaona namwita mtoto wao taahira. Nyie mnafanyaje?

mama_mwani
Waalaykum salaam mwalimu. Mie si mwalimu, mzazi tu, nalima mwani. Hebu kwanza, kikao unaweka siku gani? Maana skuli yetu walikuwa wakiweka Jumamosi asubuhi, ikiangukia bamvua, maji yanapotoka mbali, sie sote tuko majini, na ukiiacha bamvua ikupite mwani unakatika unachukuliwa na maji, nani atakulipa? Alipokuja huyu mwalimu wa sasa akauliza maji mafu, yale yasiyotoka mbali, lini, akaweka baada ya laasiri, mbona tulijaa mpaka tukakaa nje. Jengine, skuli ikikuita moyo unaruka kwa sababu siku zote ni mchango au mtoto kampiga mwenzie. Huyu alinitumia sauti fupi tu, "mamake fulani, leo mwanao kamvalisha mwenzie viatu na wala hakuambiwa na mtu", basi ile sauti kaisikiliza mpaka mama mkwe, kairudisha mara mbili. Toka hapo akiniita naenda hata sijauliza kuna nini. Na wengi wetu maandishi marefu hatusomi mwalimu, tuma sauti.

binti_micheweni
Hapo kwenye maji mafu umenena dada. Huku Pemba ni karafuu, msimu ukiingia kikao sahau, nyumba nzima iko mashamba. Mie nawafuata. Jioni wanakaa barazani wanakonyoa, yaani wanazitoa karafuu kwenye makonyo yake, naomba hodi, nakaa kitako na mie nakonyoa, mikono inafanya kazi na midomo inasema, hapo utaambiwa mambo ambayo ofisini hakuambii mtu, kama mtoto halali usiku, kama baba kaoa kwengine, yote. Siku moja mtoto wa darasani kwangu alikuwa anatenga karafuu mafungu na makonyo mafungu huku anahesabu, nikamwambia mamake hii ndio hesabu tunayofanya skuli, akacheka, akasema kumbe mie mwalimu. Ila usiende na daftari na kalamu, wataona umetumwa na serikali.

Kuhusu huyo mtoto, usianze na "ana tatizo". Anza kwa kuuliza, nyumbani anaongeaje, ukimwita naye yuko chumba chengine anaitikia, masikio yanamtoka usaha? Wao wanamjua kuliko weye, na mara nyingi washaona zamani wanaogopa kusema. Halafu waambie ulichokiona wewe, siku gani na ilikuwaje, jina la ugonjwa usilitaje si kazi yetu. Waende kituo cha afya masikio yatazamwe kwanza, pengine ni nta tu. Na isiwe getini wala kwenye grupu, umeniskia?

babaake_Z
Mnalaumu mababa lakini lini mlituita? Mie nambari yangu skuli hawana, wanayo ya mke wangu, barua zinaandikwa "mama fulani". Wenzetu wengine wako dago, kambi za uvuvi, wiki nzima. Siku skuli yetu iliposema bembea imevunjika tunaomba mafundi, tulikwenda wanaume na misumari yetu, na hapo hapo mwalimu akatueleza habari za watoto mmoja mmoja huku tunapiga nyundo. Hakukuwa na ajenda wala risala.

mwalimu_mstaafu
Ticha, la mchezo usibishane nao, watakushinda kwa maneno. Waite wachache wachache wakae darasani asubuhi moja, waone mtoto anapanga makombe ya pwani kwa ukubwa, anasimulia hadithi, anasubiri zamu yake. Mambo haya Zanzibar si mapya, ule mpango wa Madrasa, wa skuli za maandalizi, umeingia hapa 1990 na vifaa vilikuwa vifuu, kokoto na vibati vya chupa, wazee wenyewe ndio wakivileta. Kisha vikaja vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, watoto wakisoma kwa redio kule vijijini na jamii ndio iliyovibeba. Mzazi aliyeleta kifuu anauliza kinafanya nini, asiyeleta kitu atauliza jina limeandikwa au bado. Grupu usilifunge, fungua la pili unaloandika wewe peke yako, hilo la madera waachie wenyewe. Picha za watoto uliza kwanza, wako wasiotaka.

ticha_pwani
Ahsanteni sana wallahi. Kikao nakisogeza, bamvua ndio hii imeanza. Mwalimu wangu, makombe yapo tele huku, nitawaita wawili wawili. Ila huyo mtoto anakaa na bibi yake, mama yuko mjini anafanya kazi za watu, anakuja mwisho wa mwezi. Nianze na nani?

binti_micheweni
Bibi, ndie anaemlaza na kumuamsha. Nenda na sukari kidogo ya kumpa ukae nae kwanza. Lakini mama mpigie siku ile ile kabla ya magharibi, asije akalisikia kwa jirani.

mama_mwani
Na bibi mwenyewe usimseme mbele ya wakaza wanawe, wake wa watoto wake, hatokusamehe huyo.