FUNDI KANIZIBIA MATUNDU YA KAYAKI HALAFU ANATAKA NIMLIPE KWA TUNDU!!!

Yakhe nnaandika hapa mikono inatetemeka. Fundi yule yule, simtaji, wa pwani ya Nungwi, mnamjua nyote, wa kofia ya viua iliyopauka, ambae kwake kila chombo kinavuja hata kikiwa bado mti shambani.

Masika ndo yanaisha, Juni hii hapa, nkasema nizitoe kayaki bandani niziandae mapema. Wala si kazi, plastiki hizi, uzioshe vumbi na mavi ya popo, utizame vizibo vya nyuma, kamba za kushikia, makasia, na laifu jaketi zipi panya kazila. Moja tu ilikuwa na ufa chini, wameiburura kwenye mawe. Nkampa hiyo, nkamwambia UFA TU, huo hapa, nkautia na chaki, nkenda zangu mjini.

Narudi kayaki haina tundu hata moja! Yale matundu ya pale unapokaa, yaliotoboka juu mpaka chini ili maji yakiingia yatoke yenyewe, kayajaza pamba yote, kayagongea kalafati kwa patasi na nyundo kama anaeziba nyufa za jahazi la mbao, juu kapaka deheni, yale mafuta na chokaa ya kupakia vyombo vya mbao. Deheni!! Kwenye plastiki ya manjano! Inanuka papa mpaka paka wanaizunguka. Halafu mbele ya wageni wangu na vijana wote wa pwani ananambia "umeuziwa boti bovu, lina matundu sita, nshayaziba, utanilipa kwa tundu".

KWA TUNDU. Namuuliza na ufa je? "Ufa gani?"

Sijapumua kaniongeza, "we Mpemba gani hujui chombo kinachovuja". Watu wakacheka mpaka mzungu asojua Kiswahili kacheka. Kwa tundu yakhe!!

kasia_moja: 😂😂 shukuru hajakutilia matengo, yale ya pembeni, ukaondoka na ngalawa

mwana_kusi: Sasa kosa liko wapi, chombo si hakivuji? Lipa deni la watu

bi_mwani: Nyie wa kayaki mnyamaze, huku Jambiani maji yakijaa mnapita juu ya mwani wetu, makasia yananasa mnakata kamba, mbona sisi hatulii humu

kasia_moja: Plastiki ile haishiki gundi wala faiba, ufa unaungwa kwa hewa ya moto na kipande cha plastiki ileile. Ila uyatoe mafuta kwanza, juu ya mafuta haiungi

mwana_kusi: hewa ya moto si ndo hii anayotupulizia mwenye uzi

Mwenye uzi: KWA TUNDU LAKINI!!

mtumbatu_halisi: We wako kakurudishia chombo. Wangu kachukua mashine ya boti tangu kaskazi, kila nikimpigia "niko njiani sheikh"

bi_mwani: Mashine ya kijivu, kifuniko kimefungwa mpira mweusi? Juzi nimeiona Mkokotoni inauzwa

mtumbatu_halisi: Mkokotoni wapi, sokoni au gatini??

bi_mwani: Gatini. Na bei si mbaya