Kibegi cha kilo saba na vituko vya ndege: tupeane uzoefu

Jirani_Kondele: Jana nilimsindikiza shemeji uwanjani hapa Kisumu, nikamwona kijana kando ya mizani amevaa makoti mawili, jua la saa nane, jasho hadi kidevuni. Msichana wa kaunta anamtazama tu. Mifuko ya koti la nje imefura, chaja inachungulia. Hizi tikiti za bei ya chini zinakupa kibegi cha kilo saba, na safari yenyewe hadi Nairobi haifiki saa moja, lakini watu wazima wamelia pale. Nani yamemkuta?

Samaki_wa_Dunga: Mimi kesi yangu ni mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Siwezi kurudi Nairobi mikono mitupu, watanifukuza. Zamani ulikuwa unafunga nailoni juu ya nailoni, harufu inatulia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 ni gazeti, halafu leso, halafu kindoo cha rangi kilichooshwa. Mfuniko ulifunguka tukiwa angani. Abiria wote wakawa wanatazamana. Mimi nikajifanya nimelala.

Mulembe254: Kumbe ni wewe!

Samaki_wa_Dunga: @Mulembe254 usinitafutie maneno.

Wa_Nakuru: Nyinyi mnalia kilo, sisi Nakuru hata ndege ya abiria yenye ratiba hatuna. Unapanda matatu kilomita kama 160 hadi Nairobi, foleni inakusubiri, halafu kabla ya kufika JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, mnashushwa garini mpite kwenye ukaguzi kwa miguu, gari lenyewe likaguliwe kivyake. Mvua ikinyesha ni shauri yako. Unavua mshipi. Ukifika ndani unavua tena. Suruali yangu inajua njia ya magotini.

Chepkoilel_Boy: Njoo Eldoret, uwanja upo na foleni hakuna.

Wa_Nakuru: Nipande matatu kwenda Eldoret ili nipande ndege inayorudi Nairobi nikipita juu ya nyumba yetu? Una akili kweli ndugu yangu?

Chepkoilel_Boy: Basi kaa na foleni yako.

Nyar_Yala: Hiyo ya mbuta imenikumbusha jambo ambalo sijaliandika popote. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeachiwa suti yake. Kaka zangu walitangulia kwa basi, mimi nikakata ndege ya mwisho ya Ijumaa kwa sababu dobi alikuwa hajamaliza. Nilibeba kibegi kimoja cheusi cha magurudumu, makusudi kabisa, ili nisiwekwe kusubiri mizigo. Ndani kuna suti, shati jeupe, tai yake ya kanisani, na wasifu wa marehemu alioandika shangazi kwa mkono.

Mlangoni wakatangaza ndege imejaa, mabegi yote ya magurudumu yateremshwe chini, kwenye chumba cha mizigo cha ndege. Nikaeleza. Nikasihi. Nikamwambia kijana, mwanangu, hii ni nguo ya maiti. Akanishika mkono, "pole sana mama," kisha akalivalisha begi kikaratasi, akanipa kipande, likaenda.

Kisumu mkanda ukazunguka, watu wakachukua vyao wakaenda zao. Likabaki begi moja jeusi, sura ile ile, mpaka mchubuko wa pembeni. Kulifungua: gambuti, mashine ya kunyolea na dawa za vifaranga. Jameni. Nilikaa sakafuni na nguo zangu nzuri. Mwili ulikuwa utolewe mochari saa mbili asubuhi, Yala nzima inatungoja. Wa ofisini akanipa fomu, akasema nitapigiwa ndani ya siku za kazi. Siku za kazi! Na kesho ni Jumamosi.

Saa nne usiku simu ikalia. Dobi wa Nairobi! Nikadhani anataka salio lake. Kumbe aliyechukua begi langu ameshafika Bondo, amefungua akakuta suti ambayo si yake, akaingiza mkono mfuko wa koti akatoa risiti ya dobi yenye namba ya simu. Akampigia dobi, dobi akanipigia mimi. Alfajiri tukakutana pale njia panda ya Kisian, yeye juu ya bodaboda amelikumbatia begi. Mzee akavalishwa ikiwa imebaki nusu saa.

Jirani_Kondele: Mwili umenisisimka.

Mama_Busia: Pole mama. Huyo dobi ni wa wapi? Nina makoti.

Kakamega_Mjanja: Lakini suti si ziko tele soko la Kibuye hapo Kisumu? Ungenunua nyingine mambo yakaisha.

Nyar_Yala: Kibuye saa nne za usiku? Na mitumba kwa baba yangu? Kakamega, tuheshimiane.

Samaki_wa_Dunga: Mwacheni huyo. Swali langu, jamaa wa Bondo ameoa?

Nyar_Yala: Alikuja mazishini akala akaondoka. Vifaranga vilikuwa vinangoja dawa.

Wa_Nakuru: Mimi naona makosa ni ya jamaa. Unabebaje begi bila kusoma kikaratasi?

Mulembe254: Wewe huwa unasoma?

Kakamega_Mjanja: Funga kitambaa chekundu kwenye mpini, utalijua begi lako ukiwa mbali.

Jirani_Kondele: Mkanda wa Kisumu sikukuu zote ni vitambaa vyekundu. Andika namba ya simu kwa kalamu nzito juu ya begi, na nyingine uweke ndani.

Chepkoilel_Boy: Au tuma mzigo kwa basi la usiku, wewe upande ndege na simu tu. Asubuhi uko stendi unaupokea.

Mulembe254: Ndipo upotee kabisa 😂

Fundi_Simu_Bungoma: Wakikunyang'anya begi mlangoni, toeni pawabenki kwanza. Betri ya ziada haiendi chini, kwa sababu ikiwaka juu wahudumu wataiona na kuizima, chini hakuna mtu. Kikomo ni wati-saa 100, kuzidi hapo uombe ruhusa. Hesabu: zidisha mAh, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki, kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7, ugawe kwa 1,000. Ya 20,000 ni 74, unapita. Ila kama maandishi yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuikataa.

Mama_Busia: Nilikuwa nampelekea binti yangu Uingereza siagi ya karanga nimesaga mwenyewe. Wakasema ni kimiminika! Siagi ambayo ukigeuza chupa haisogei! Mafuta nayo yalikuwa yamebaki kidogo tu chini, wakasema wanatazama ukubwa wa chupa, si kilichobaki. Mililita 100 basi.

Wa_Nakuru: Hayo yalianza 2006, polisi wa London walipokamata watu waliopanga kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji.

Mama_Busia: Sasa karanga zangu zinahusiana nini na wao?

Kakamega_Mjanja: Mimi kwenda Nairobi hupita na chupa yangu ya maji, hawasemi kitu.

Chepkoilel_Boy: Ndani ya nchi na nje ya nchi si sawa, bwana. Mama, siku nyingine weka siagi kwenye begi la chini.

Nyar_Yala: La chini? Baada ya niliyowaambia?

Mgeni_Siaya: Habarini wadau. Nani anaruka kutoka Kisumu Jumapili na ana nafasi ya kilo mbili? Ni omena tu, wale dagaa wa ziwani, imekauka vizuri, dada yangu ataipokea Nairobi.

Samaki_wa_Dunga: Omena tu, ndivyo husema wote. Mzigo wa mtu nisiyemjua sibebi, nishtakiwe mimi?

Mgeni_Siaya: Naweza kufungua uone.

Jirani_Kondele: Imefungwa kwa nini?

Mgeni_Siaya: Gazeti na leso.

Mulembe254: 🏃