Wanataka slipu ya mshahara kabla ya ofa. Nitume?

Msinza_dev
Wakuu salaam. Natengeneza programu za simu kwa Flutter, mwaka wa 4 sasa, kwenye kampuni ndogo hapa Sinza. Mshahara milioni 1.1 kabla ya makato, na Bodi ya Mikopo bado wananidai.

Nimefanya usaili kampuni moja ya mambo ya fedha. Raundi tatu. Katikati wakanipa "kazoezi ka nyumbani": programu ya mikopo yenye usajili, malipo na ripoti! Nimekesha siku nne, mpaka wife akauliza kama nimeshaajiriwa. Jana dada wa rasilimali watu kanipigia: nitume slipu za miezi 3, nitaje ninachotaka, na nianze Jumatatu. Kwa woga nikasema milioni 1.8. Hata sijamaliza sentensi akasema "hiyo haina shida". Ile haraka yake imeninyima usingizi. Nimejipunja? Na nikigoma kutuma slipu si watanipita? Kuna madogo wametoka chuo wanaomba hata kwa laki 6.

Bi Mahesabu
Mdogo wangu, hiyo 1.8 uliisema kabla ya makato au ya kuingia mkononi? Maana kama ni kabla, na yote ni mshahara wa msingi, NSSF wanachukua 180,000. PAYE kwenye 1,620,000 inayobaki ni 314,000. Bodi asilimia 15, yaani 270,000. Unaondoka na 1,036,000. Leo kwa 1.1 yako unapata kama 699,500. Kwa hiyo ile "laki saba ya nyongeza" mfukoni ni laki tatu na ushee. Ukitaja namba, taja na upande wake.

Kiraka
Nimeajiri madevelopa miaka 5, nikuambie ya upande wa pili wa meza. Slipu tulikuwa tunaitaka ili tukuongezee asilimia 30 juu ya ulichonacho, basi. Thamani ya kazi haimo humo. California mwajiri haruhusiwi kuuliza mshahara wako wa nyuma tangu Januari 2018. Huku tunauliza mchana kweupe na watu wanatuma hata hawajaulizwa mara mbili.

Hao madogo wa laki 6 wasikutishe. Tuliwahi kuhangaika miezi mitano kumpata mtu anayejua cha kufanya muamala wa simu ukikatikia njiani: mteja kakatwa hela, mfumo wetu haujui. Maombi yalijaa, walioweza kueleza walikuwa wawili. Mmoja tulimkosa kwa kubania laki 2.

Na hiyo Jumatatu yao ndiyo karata yako, wana moto unawaka mahali. Anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Mwambie 1.8 uliitaja kabla hujajua zamu na majukumu. Kisha taja mpya, nyamaza. Huo ukimya ndio mgumu, wengi huujaza kwa kujishusha bei wenyewe.

Sina Shemeji Ikulu
Kiraka anaongea vizuri kwa kuwa kashiba. Mimi nilikaza hivyohivyo, wakasema "tutakutafuta". Nikakaa nyumbani miezi 7, na kosa langu lilikuwa nilishaacha kazi ya kwanza. Kaza, lakini barua ya kuacha kazi isitoke kabla hujashika mkataba wenye sahihi.

Msinza_dev
Mrejesho. Nimempigia mchana nikiwa nje ya ofisi, chini ya mwembe, jasho linanitoka. Nimesema slipu siwezi kutoa, nataka milioni 2.5 kabla ya makato, bima ya familia, na naanza baada ya notisi. Kisha nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani simu imekata, nikasema "haloo?"

Akacheka. Kasema anaongea na bosi, atanijibu kesho. Milioni 2.5 hakuisema "haina shida".