Sufuria ya enameli iliyobadilika rangi ndani: isafishwe vipi bila kuharibiwa?

Mama wa Kiboriloni (Moshi)

Habari zenu wapendwa. Nina sufuria nzito ya chuma cha kusubu yenye enameli, bluu kwa nje na nyeupe ndani, ambayo mama mkwe alinipatia baada ya kuitumia kwa miaka mingi kupikia mtori na machalari. Chombo chenyewe ni kizima, kifuniko chake kinakaa sawasawa, na nyama inayoiva humo kwa moto mdogo huwa laini kuliko ya sufuria nyingine yoyote niliyo nayo. Shida ni kwamba kitako chake ndani kimekuwa cha kahawia iliyokolea, kuta zake zina utando wa njano uliotokana na binzari, na kwa nje masizi yameganda kwa sababu mara nyingi tunapikia kuni. Sabuni na dodoki havijabadilisha chochote. Majirani wananishauri nisugue kwa mchanga au kwa waya wa chuma, kama tunavyofanya kwa sufuria za alumini, lakini moyo wangu unasita. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu. Tena, ikiwa doa litagoma kutoka, je, chakula kinachopikwa humo ni salama?

Babu wa Njiro (Arusha)

Mama, usiguse mchanga wala waya. Enameli ni kioo kilichosagwa kuwa unga na kuyeyushwa juu ya chuma katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Alumini ukiisugua kwa mchanga inang'aa kwa sababu unaondoa tabaka la juu na chini yake kuna alumini ileile. Enameli ukiisugua hivyo unaichora mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na mikwaruzo hiyo ndiyo itakayoshika mafuta na rangi ya chakula, kiasi kwamba baada ya muda sufuria itakuwa inachafuka upesi kuliko ilivyo sasa.

Hiyo kahawia unayoiona ni mafuta na mabaki ya chakula yaliyopata joto mara nyingi hadi yakawa utando mgumu juu ya kioo. Utando wa namna hiyo hulegezwa na kitu chenye asili ya alkali pamoja na maji ya moto, na mkono unakuja mwisho kabisa. Tia maji ya kufunika doa, na kwa kila lita moja weka vijiko viwili vikubwa vya bekingi soda. Injika kwenye moto mdogo, maji yachemke taratibu kwa muda wa robo saa, kisha epua na uache yapoe yenyewe. Yakiwa vuguvugu, pitisha mwiko wa mti juu ya kitako. Utaona vipande vyembamba vya kahawia vikibanduka. Doa la miaka mingi haliishi kwa mara moja, kwa hiyo rudia siku nyingine bila kuongeza nguvu.

Huko kwenu magadi hayakosekani, kwa kuwa ndiyo yanayolainisha maharage ya kiburu, na kwa mafuta yaliyoganda yana nguvu kuliko bekingi soda. Kwa sababu hiyohiyo yatumie kwa kiasi, kijiko kimoja kidogo kwa lita, maana alkali kali ikichemshwa mara kwa mara hufifisha mng'ao wa kioo. Magadi ya bonge huja na mchanga ndani yake, hivyo yayeyushe pembeni, yaache yatulie, kisha uchuje kwa kitambaa. Mchanga ule ukiingia ndani ya sufuria, utakuwa umerudi kwenye ushauri wa majirani kwa njia nyingine.

Jambo moja nakusihi ulizingatie kuliko yote: usimimine maji baridi kwenye sufuria iliyotoka motoni. Chuma na kioo havitanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja, na mshtuko wa ghafla huipasua enameli hata kama haijawahi kuanguka.

Dada wa Sakina (Arusha)

Shikamoo Babu, na pole Mama kwa kazi. Naongeza kuhusu binzari, kwa sababu hiyo si mafuta na haitaondoka yote kwa magadi. Rangi ya binzari hupauka juani. Baada ya kuosha, iache sufuria wazi kwenye jua kali tangu asubuhi hadi alasiri, na mara nyingi njano yote hufifia.

Ikibaki, tumia jiki ya kawaida: sehemu moja ya jiki kwa sehemu tatu za maji, loweka usiku kucha bila kuweka motoni, kisha osha kwa sabuni na suuza kwa maji mengi hadi harufu iishe. Usichanganye kamwe jiki na ndimu au siki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini ambayo ni sumu kwa mapafu.

Mjomba wa Majengo (Moshi)

Birika langu la enameli nilikuwa naliondolea ukoko mweupe kwa siki, nalo linatoka safi. Kwa nini sufuria isisafishwe hivyohivyo?

Babu wa Njiro (Arusha)

Ukoko wa birika ni chokaa iliyotokana na maji, na chokaa huyeyushwa na asidi. Hapo siki ni sahihi, mradi uisuuze baada ya dakika chache. Mafuta yaliyoganda hayajali siki. Zaidi ya hayo, si kila enameli inastahimili asidi kwa muda mrefu, na ile isiyostahimili hupoteza mng'ao na kuwa na ukavu ukiipapasa.

Mama wa Kiboriloni (Moshi)

Nawashukuru sana. Nimechemsha kwa magadi yaliyochujwa, na kitako kimeanza kuonyesha weupe. Sasa utando ulipopungua naona mistari ya kijivu kama ya penseli, na karibu na ukingo pamebanduka kipande kidogo, chuma kinaonekana na kina kutu. Masizi ya nje bado sijayashughulikia.

Dada wa Sakina (Arusha)

Mistari ya kijivu ni chuma cha kijiko kilichosuguana na enameli na kuacha alama yake juu. Paka uji mzito wa bekingi soda na maji, sugua polepole kwa kitambaa laini, na kuanzia sasa koroga kwa mwiko tu. Masizi yatatoka kwa uji huohuo baada ya kulowekwa, na kabla ya kuinjika tena kwenye kuni paka sabuni ya mche sehemu ya nje. Masizi yatakaa juu ya sabuni na kuondoka nayo wakati wa kuosha.

Babu wa Njiro (Arusha)

Kuhusu usalama, Mama, doa lililobaki juu ya enameli nzima halina madhara, hata kama weupe wa mwanzo hautarudi. Palipobanduka ndipo pa kuangalia. Ikiwa ni kwenye mdomo wa sufuria, juu ya usawa wa chakula, na kingo zake ni imara, pakaushe vizuri kila baada ya kuosha na upake mafuta ya kula kidogo ili kutu isienee. Lakini ikiwa ni ndani, mahali chakula kinapogusa, pitisha kitambaa juu yake: kitambaa kikinasa au kikiokota chembe, acha kuipikia, kwa sababu vipande vya kioo vitaingia kwenye chakula cha familia. Utuambie pamebanduka upande gani.

Mama wa Kiboriloni (Moshi)

Ni juu kabisa, chini ya kifuniko, na kitambaa hakinasi. Nimeshapaka mafuta.