Mjadala: Je, chatu wa kuzalishwa auzwe bila daftari la ulaji na uzito?

Ndugu wanamjadala,

Hoja ninayoileta ni kwamba kila anayezalisha chatu kwa ajili ya kuuza alazimishwe kisheria kuweka daftari la ulaji na uzito la kila nyoka wake, na kwamba daftari hilo limfuate nyoka popote anapouzwa au kuazimwa. Nazungumzia hasa Marekani na Uingereza. Huko chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule ambaye akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani, na wazalishaji hushindana kutoa makinda wenye rangi na madoa mapya kila msimu. Mimi naunga mkono hoja hii bila kusitasita.

Kila msimu wa kutaga hukosi kusikia mfugaji akisema kwamba jike wake alikuwa mzima jioni na asubuhi akamkuta amekufa. Huzuni yake ni ya kweli, wala simlaumu kwa kushtuka. Lakini vifo vingi vya namna hiyo havianzi usiku ule, na dalili zake huwa zimeonekana miezi kadhaa nyuma katika mambo mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika: nyoka alikula nini na lini, na alikuwa na uzito gani.

Tuanze na mwili wa jike mwenyewe. Chatu huyu hutengeneza mayai kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea kabla ya msimu. Akishika mimba, mara nyingi hukataa panya kabisa. Akishataga huyazunguka mayai yake, ambayo aghalabu hayazidi kumi, na kuyaatamia kwa takriban miezi miwili bila kula, isipokuwa mfugaji akiyaondoa na kuyaweka kwenye mashine ya kuangulia. Kwa hiyo jike anaweza kupitisha nusu mwaka akiishi kwa akiba hiyo tu. Porini huzaa pale akiba inaporuhusu. Nyumbani huzaa pale mwenye nyumba anapotaka. Jike ambaye hajarudisha uzito wake, akapelekwa tena kwa dume msimu unaofuata, huanza safari akiwa na deni, na deni hilo halionekani kwa macho mpaka limekuwa kubwa.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kumlisha kupita kiasi, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Wazalishaji wengi hawampandishi jike kabla hajafika gramu 1,500 hivi. Kipimo hicho si kibaya, lakini kimewafanya baadhi yao kumshindilia nyoka mchanga panya juu ya panya ili afike huko mapema. Nyoka mnene kwa njia hiyo hupendeza kumtazama. Siku atakapoacha kula kwa sababu ya mimba au ugonjwa, mafuta ya mwilini huanza kumiminika kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini hilo likishindwa, kifo huonekana cha ghafla kwa mtu ambaye hakuwa akiandika chochote. Orodha ya uzito wa kila mwezi ingeonyesha mpando mkali usio wa kawaida, kisha mshuko.

Tusisahau pia kwamba kumeza na kuyeyusha chakula ni kazi nzito kwa chatu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005 ulionyesha kwamba moyo wa chatu wa Burma huongezeka uzito kwa asilimia 40 hivi ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa. Joto la kizimba likiwa chini, kazi hiyo hukwama, mnyama aliyemezwa huanza kuoza tumboni, na nyoka hutapika. Baada ya kutapika anahitaji kupumzishwa kama wiki mbili, kisha apewe mlo mdogo. Mnunuzi ambaye hakuambiwa kwamba nyoka wake alitapika wiki iliyopita atamlisha panya mkubwa siku ya pili, kwa nia njema kabisa, na anaweza kumuua.

Halafu kuna maradhi ya kuambukiza, na desturi ya kuazimana madume huyasambaza kwa urahisi. Mwaka 2014 wanasayansi walieleza virusi vya jamii ya nidovirusi katika chatu hawa, vinavyoshambulia njia ya hewa na kumfanya nyoka atoe kamasi na kupumua kinywa wazi. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa imebainika kwamba virusi vya jamii nyingine, arenavirusi, vinahusika na ugonjwa uitwao kwa Kiingereza inclusion body disease, ambapo chembe zisizo za kawaida hujikusanya ndani ya seli, na ambao nyoka wa jamii ya boa anaweza kuishi nao muda mrefu huku chatu akidhoofika haraka na kufa. Kukataa chakula ni mojawapo ya dalili zinazoweza kutangulia. Dume anayesafirishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine bila karatasi hubeba siri hiyo pamoja naye.

Wapinzani wa hoja hii husema kwamba chatu hufunga kula kwa miezi kwa asili yake, hivyo daftari litawatia watu hofu bure. Ni kweli hufunga, na ndiyo sababu nasisitiza uzito uandikwe sambamba na ulaji. Nyoka mzima anayekataa panya kwa miezi mitatu huku uzito wake ukibaki palepale hana tatizo la haraka. Yule aliyepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake anahitaji daktari wa mifugo anayejua reptilia. Wengine husema mzigo utawaangukia wazalishaji wadogo. Sioni mzigo gani. Mizani ya jikoni na kalamu vinatosha, na wazalishaji makini tayari hubandika kadi kwenye kila sanduku. Sheria ingewataka tu wasiibandue nyoka anapoondoka.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba daftari linaweza kughushiwa. Nalikubali kwa sehemu. Hata hivyo mizani ya mnunuzi haidanganywi: kinda huanguliwa akiwa na gramu 60 hivi, na anayedaiwa kula milo kumi huku akiwa bado na uzito huohuo amekwisha kumuumbua muuzaji. Aidha, desturi za wafugaji hubadilika wakiamua. Nchini Uingereza, Jumuiya ya Kimataifa ya Herpetolojia, yaani elimu ya reptilia na amfibia, ilikataza kuuza kwenye maonyesho yake chatu wenye madoa ya kurithi yaitwayo spider, ambao hutikisa vichwa na kupoteza mwelekeo, na maonyesho hayakufa.

Mahali ninapotofautiana na baadhi ya wanaoniunga mkono ni katika kutaka kila mzoga upasuliwe na daktari. Gharama hiyo ni kubwa mno kwa kila kifo. Ningependekeza kwamba nyoka wawili wakifa katika msimu mmoja kwa mfugaji mmoja bila sababu inayojulikana, asiruhusiwe kuuza mpaka angalau mmoja achunguzwe. Na yeyote anayesoma haya, mzoga auweke kwenye jokofu na kuufikisha kwa daktari upesi, asiutie kwenye friza, kwa sababu barafu huharibu tishu ambazo daktari angezitazama kwa hadubini.

Sasa naomba wanaopinga wanijibu jambo moja. Jike amekufa wiki tatu baada ya kuuzwa, mnunuzi hajui alitaga lini mara ya mwisho wala alikula nini kabla ya kufika kwake, na muuzaji anasema nyoka alikuwa mzima. Bila daftari, ni kwa ushahidi gani mtaamua nani alipe?