Wali wa kuku wa Hainan: ngozi yachanika, paja lina damu

jiko_la_kondele (Kisumu)
Habari zenu wadau. Nataka kupika wali wa kuku kwa mtindo wa Hainan, ule wa Singapore na Malaysia. Natumia broila mzima wa kilo 1.4 na mchele wa Pishori. Ngozi inachanika, kidari kinakauka, na bado paja lina damu karibu na mfupa. Wali nao unashikana kama ugali. Nakosea wapi?

mwiko_mrefu
Unatokosa. Kuku huyu anaivishwa taratibu, maji yasirukeruke. Yakitokota ndipo ngozi inapasuka na kidari kinatoa maji yake yote.

Msugue kwa chumvi, msuuze, mtie tumboni tangawizi iliyopondwa na majani ya kitunguu. Chemsha maji ya kumfunika kabisa. Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapoharibu: mshike shingoni, mzamishe, mwinue maji yamwagike kutoka tumboni, mzamishe tena. Fanya hivyo mara tatu. Ukimtumbukiza mara moja, tumbo linabaki na maji yaliyopoa, na hiyo ndiyo damu unayoiona pajani. Kisha moto mdogo dakika 20, viputo vichache tu vikipanda juu. Zima, funika dakika 30. Sufuria nyembamba inapoa haraka, kwa hiyo iweke ndani ya jiko kikapu, kile kikapu cha kutunza joto. Choma paja penye unene: maji yakitoka na wekundu, mrudishe motoni. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74.

Akitoka, moja kwa moja kwenye maji ya barafu, dakika 10. Ngozi inakaza na chini yake panaganda utando laini kama jeli. Bila utando huo umekula kuku wa kuchemsha tu.

Mama Wali
Mimi nahukumu sahani hii kwa wali. Ukiwa mtupu, kuku hauokoi.

Mafuta ya kuku yale ya karibu na mkia usiyatupe. Yayeyushe kwa moto mdogo, kaanga humo punje nne za kitunguu saumu na tangawizi, zisigeuke kahawia, zitatia uchungu. Vikombe viwili vya Pishori, osha, halafu chuja dakika 20. Mchele uliolowa hauchukui mafuta, ndiyo maana unashikana. Kaanga dakika mbili, tia vikombe vitatu vya supu ya huyo kuku, si vinne. Yakikauka juu, funika kwa moto mdogo dakika 12, zima, usifunue kwa dakika 10. Kwao huongeza majani ya pandani, ya kutia harufu nzuri. Ukiyakosa, acha tu. Binzari usiweke, hii si pilau.

nakuru_jikoni
Nyongeza kwa wa huku nyanda za juu: Nakuru maji hutokota kwa nyuzi 94 hivi, basi ongezeni dakika 5 motoni.

Kienyeji inafaa ikiwa ni kuku mchanga ambaye hajaanza kutaga. Asili ya mlo huu ni kuku wa Wenchang, kisiwani Hainan, mdogo na mwenye mafuta. Jogoo mzee mpikie mchuzi.

Pilipili: twanga nyekundu sita, saumu punje tatu, tangawizi kidogo, chumvi, sukari kijiko kimoja cha chai, ndimu mbili, na vijiko vitatu vya supu ya moto. Pembeni tango na sosi nzito ya soya. Kata kuku akishapoa. Akiwa moto ngozi inateleza na utando unayeyuka.